Kesi za Jukwaani: Hakimu Mstaafu Azungumza na Wanafunzi wa Fasihi

Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita. Shikamooni walionizidi umri, ingawa siku hizi wanapungua. Mlioniamkia pale getini, marahaba.

Nimeombwa nizungumzie tamthilia za Kiingereza nilizozisoma shuleni na kuzipenda. Mwalimu aliyenialika aliniuliza kwa adabu kama nisingependelea mada ya sheria, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nikamjibu kwamba sioni tofauti kubwa. Kwenye kiti cha hakimu nilikuwa nasikiliza watu wakisema, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna mtu wa pembeni wa kuninong'oneza nani mkweli. Riwaya ina msimulizi. Yeye atakwambia huyu ana roho mbaya, yule machozi yake ni ya uongo. Tamthilia haikupi huduma hiyo. Unapewa watu na maneno yao, basi, halafu upime mwenyewe.

Sisi tulizisoma kinyume chake. Tulianza na madesa, yale maelezo ya kukariri yaliyorithiwa darasa hadi darasa. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, Brutus: mzalendo, mwaminifu. Cassius: mwenye wivu. Shylock wa The Merchant of Venice: mchoyo, katili. Hukumu ilikuwa imeshaandikwa kabla shahidi hajasimama, nasi tukabukua hukumu. Vitabu navyo vilikuwa haba, kimoja kwa wanafunzi wanne au watano. Cha kundi letu kilikuwa kimechanika kurasa za mwisho, na dada mmoja aliyetutangulia alizinakili kwa mkono akazishona kwa uzi, kwa hiyo Brutus wetu alikufa kwa wino wa bluu.

Lakini waigizaji wenyewe wa zama za Shakespeare hawakuwa na kitabu kabisa. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno mawili matatu ya mwisho ya mwenzake anayemtangulia, ili ajue aanze lini. Kunakili mchezo mzima kwa kila mtu ilikuwa kazi kubwa, na kampuni haikutaka nakala nyingi zizagae mjini. Mwigizaji alilazimika kusikiliza kwa makini, maana asiposikiliza atapitwa na zamu yake. Shakespeare alifariki 1616. Kitabu kikubwa cha kukusanya tamthilia zake kilitoka 1623, kikiwa na tamthilia 36, na nusu yake hazikuwa zimechapishwa kabla ya hapo. Macbeth imo humo, The Tempest imo, Julius Caesar nayo imo. Bila wenzake wawili wa jukwaani waliojitwisha kazi hiyo, walimu wenu leo wangefundisha nini sijui.

Julius Caesar ndiyo iliyonikamata kwanza. Brutus, rafiki wa Caesar mtawala wa Roma, anaungana na Cassius na wenzao kumuua.

Kuna msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliyeitazama London tarehe 21 Septemba 1599. Anaandika kwamba baada ya chakula cha mchana walivuka mto, wakaingia kwenye nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, wakaona mkasa wa Caesar ukiigizwa na watu kama kumi na tano. Mchezo ulipokwisha, waigizaji wakacheza ngoma kwa ustadi mkubwa, wawili wamevaa mavazi ya kiume na wawili ya kike. Mkuu wa Roma ameuawa, Brutus amejiua, na bado watu wanacheza! Mwalimu wetu alipotusimulia hilo nilifarijika sana. Nilikuwa nimedhani Waingereza walikwenda kutazama vitu hivi wakiwa wamenuna, kama sisi tulivyonuna kwenye prepu.

Hapa nchini tamthilia hiyo ina historia ya peke yake. Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikachapishwa 1963, akiwa ndiyo kwanza ameanza urais. Hakuridhika nayo. Aliipitia upya ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule aliotoa Mabepari wa Venisi. Hebu fikirini: mkuu wa nchi changa anakaa chini kutafsiri mchezo wa mkuu wa nchi anayechomwa visu na rafiki zake. Na Januari 1964, askari wake mwenyewe wakaasi. Sidai kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano wowote. Nasema tu hakuchagua kitabu cha kujiliwaza.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana, kwa hiyo Warumi wote walikuwa mabinti. Ni haki tu, kwa sababu kwenye jukwaa la Shakespeare wanawake wote walikuwa wavulana. Darasani tulisoma kwa Kiingereza, lakini siku ya wazazi tuliigiza kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Mwalimu, ili wazazi na wafanyakazi wa shule nao wapate chao. Tulifanyia bwaloni, meza zimesukumwa ukutani. Tulivaa shuka za bweni, zile zenye namba zilizotariziwa kwa uzi mwekundu, na namba ya Caesar ilimkaa katikati ya mgongo. Damu ilikuwa juisi ya rozela. Matroni alipoona shuka zile alilia kuliko Calpurnia, mke wa Caesar.

Basi ikafika ile sehemu ya hotuba mbili mbele ya maiti. Brutus anaanza. Anasema kwa hoja, bila mashairi, kwa adabu ya msomi: nilimpenda Caesar, ila Roma nimeipenda zaidi. Watu wanashangilia. Mmoja anapiga kelele kwamba Brutus afanywe Caesar! Ameua ili pasiwepo mfalme, na watu wanamjibu kwa kutaka kumpa kiti. Hapo ilitakiwa Brutus ashtuke, aone kwamba hawajamwelewa hata kidogo. Hakushtuka. Alifanya makosa mawili ambayo wakili yeyote atawaambia msiyafanye: alimruhusu mpinzani wake aseme mwisho, kisha akaondoka zake.

Antony, rafiki wa Caesar, akapanda. Mnakumbuka anavyorudiarudia kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima zake, mpaka heshima ile inaanza kunuka. Kisha anauonyesha wasia wa Caesar, anakataa kuusoma, anasema utawaumiza. Wapishi wetu walikuwa wamesimama dirishani, mikono bado ina unga wa ugali. Mmoja, mama wa makamo ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mwaka mzima, akafoka: "Usome basi, mbona unatuzungusha!" Bwalo zima likamfuata. Hatukuwa tumewafundisha. Walifanya mistari ya umati wa Roma bila kujua kwamba imo kitabuni.

Wasia unampa kila raia drakma 75, na bustani za Caesar ziwe za wote. Kipande cha mwanzo cha sehemu ya nne hakitajwi sana kwenye madesa, nanyi kisomeni kwa makini. Antony amekaa na wenziwe wawili, wanaweka alama kwenye orodha ya watu watakaouawa. Anamtoa mpwa wake mwenyewe kwa doa moja la kalamu. Kisha anamtuma mmoja wao akaulete ule wasia, wautazame jinsi ya kupunguza yale waliyoachiwa wananchi. Ni wasia uleule aliowaliza nao.

Na katikati ya hotuba na orodha ile ndipo ilipokaa sehemu yangu, ndogo kuliko zote: Cinna mshairi. Nilipewa kwa sababu nilikuwa mfupi na sauti yangu haikufika mbali. Mshairi anatoka nyumbani, hajui kwa nini ametoka. Anakutana na wananchi wenye hasira kali, kama magazeti yetu yanavyopenda kuwaita. Wanamrushia maswali manne kwa mpigo: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, umeoa au hujaoa? Anajaribu kuleta utani. Anasema kwa busara yangu sijaoa, mmoja anamtishia kipigo kwa kuwatukana waliooa. Akitaja jina, balaa. Kuna Cinna mwingine aliyekuwa miongoni mwa waliomuua Caesar. Mimi ni Cinna mshairi, anasema. Basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya! Si mimi yule muasi. Haidhuru, jina ni hilohilo.

Mstari wa mashairi mabaya uliwachekesha wote bwaloni, mpaka wenzangu waliokuwa wakinirarua walicheka. Halafu niliburutwa nje, na nikiwa nyuma ya mlango nikasikia kicheko kikikatika kama mtu aliyezima redio. Shakespeare hakulitunga tukio hilo kutoka hewani. Alilitoa kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma, aliyemsoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1579. Na waandaaji wengi wamelikata kwa miaka mingi wakiona halina faida kwa kisa. Mwongozaji wa Marekani Orson Welles alipoigiza mchezo huu New York mwaka 1937, akiwavika wauaji sare kama za mafashisti wa Ulaya, alilipa nafasi kubwa, likawa ndilo lililozungumzwa zaidi.

Kesi za mauaji husikilizwa Mahakama Kuu, lakini faili huanzia kwetu chini, kwa hiyo hatua zake za mwanzo zimepita mezani kwangu. Nimesoma maelezo ya mashahidi kuhusu mtu aliyeuawa kwa sababu aliitwa mwizi na mtu asiyejulikana, sokoni, asubuhi kweupe. Amefanana koti. Amefanana jina. Ukiuliza nani alipiga, kila shahidi aliona umati, wala hakuna aliyekuwemo ndani yake. Huko kwa Cinna walau wale wananchi waliuliza maswali.

Sasa nije kwenye The Merchant of Venice, ile Mabepari wa Venisi, niwaudhi walimu kidogo. Shylock, Myahudi mkopeshaji, anatoa mkopo ambao mfanyabiashara Antonio anamdhamini rafiki yake Bassanio, kwa mkataba kwamba usipolipwa atakata ratili ya nyama mwilini mwa Antonio.

Nilipokuwa kidato cha tatu, Portia alikuwa ndiye kila kitu. Msichana anavaa joho la wakili, anaingia mahakamani, anawashinda wanaume kwa kusoma mkataba vizuri kuliko wao. Uingereza yenyewe haikuwaruhusu wanawake kuwa mawakili mpaka sheria ilipobadilishwa 1919, na Shakespeare alikwisha kumweka mwanamke huyu jukwaani katika miaka ya 1590. Ile hotuba yake ya huruma niliikariri nikaisema mbele ya gwaride la asubuhi. Sitaificha: nilisomea sheria kwa ajili yake.

Kisha nikakaa kwenye kiti, nikaisoma tena kama hakimu. Jamani, kesi ile isingesimama siku moja kwenye rufaa. Mwenye kuisikiliza ni Mtawala wa Venice. Kabla mdai hajaingia chumbani, Mtawala anamwambia mdaiwa Antonio kwamba anamhurumia, kwamba amekuja kukabiliana na mtu mwenye moyo wa jiwe, asiye na utu. Hiyo ndiyo salamu ya hakimu! Portia si wakili, jina si lake, barua ya kumtambulisha ni ya kupangwa. Aliyekopewa zile dukati 3,000 ni Bassanio, mume wake. Huo ni mgongano wa maslahi unaoonekana kutoka Mikindani. Na shauri lililoletwa ni la madai, la mkataba tu. Ghafla, bila hati ya mashtaka, linageuka jinai, na aliyekuja kudai anatoka akiwa mtuhumiwa, mali yake imegawanywa, dini yake amelazimishwa kuibadili.

Msinielewe vibaya. Shylock alitaka ratili ya nyama ya mtu, na amekataa mara tatu ya fedha yake. Mkataba kama huo hakuna mahakama yenye akili itakayoutekeleza, na Portia hakuhitaji ule ujanja wa kusema mkataba unatoa nyama bila tone la damu ili kuukataa. Lakini turudi nyuma, kwenye siku ya kukopa. Shylock anamkumbusha Antonio: uliniita mbwa, ukalitemea mate joho langu, leo unataka fedha. Na Antonio, anayekuja kuomba, anajibu kwamba huenda akamwita hivyo tena na kumtemea tena. Sehemu hiyo kwenye madesa yetu ilikuwa mstari mmoja.

Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, wala hawakuruhusiwa kurudi mpaka miaka ya 1650. Watazamaji wengi wa Shakespeare walikuwa wakimcheka mtu ambaye hawajawahi kukaa naye jirani. Je, mwandishi mwenyewe alikuwa upande gani? Mimi nimemsoma kwa muda mrefu na siwezi kumweka kizimbani kwa hilo wala kumwachia huru. Alimwandikia Shylock maneno ya kuuliza kama Myahudi hana macho, kama ukimchoma hatoki damu. Akayaweka hapo, akaondoka. Na ile huruma ya Portia niliyoisema gwarideni, wenyewe mtajaza imetumika kwa nani ndani ya chumba kile.

Nisiwachoshe na Shakespeare peke yake. Oscar Wilde nampitia haraka, ingawa Lady Bracknell wa The Importance of Being Earnest, akiwa na daftari na penseli, ndiye mtu hodari zaidi wa maswali ya dodoso katika Kiingereza chote. Anamhoji kijana anayetaka kumuoa binti yake: una kipato gani, una nyumba wapi, wazazi wako ni akina nani? Kijana anakiri aliokotwa ndani ya mkoba katika stesheni ya Victoria. Mchezo ulifunguliwa tarehe 14 Februari 1895. Majira yaleyale Wilde alimshtaki mtu mkubwa kwa kumkashifu, akapanda kizimbani mwenyewe, akamjibu wakili kwa vichekesho kama yuko jukwaani. Kesi ikamgeukia. Mwezi Mei alifungwa miaka miwili na kazi ngumu kwa uhusiano wake na wanaume. Ningekuwa wakili wake ningemwomba jambo moja tu: jibu ndiyo au hapana, mzee.

Pygmalion ya Bernard Shaw ilituuma zaidi kwa sababu ilikuwa ikitusema. Shuleni kwetu aliyekutwa akisema Kiswahili siku za wiki alivikwa kibao shingoni, akakitembeza mpaka amkamate mwenzake. Wengi hapa mmekiona au mmesimuliwa na wazazi. Na hapo tunafundishwa habari za Eliza, muuza maua wa London, Mwingereza halisi, ambaye Higgins, profesa wa matamshi, anamwambia Kiingereza chake ni aibu kwa taifa! Tulitazamana. Kumbe hata kwao kuna kibao.

Higgins anapiga dau kwamba kwa miezi sita atamfanya aonekane duchess, yaani bibi wa daraja la juu kabisa la ukabaila, na anashinda. Swali analokimbia ni hili: baada ya dau, huyu binti aende wapi? Kurudi kuuza maua hawezi tena, na fedha za kukaa kama bibi mkubwa hana. Eliza mwenyewe anamwambia Kanali Pickering, rafiki wa Higgins, kwamba alianza kuelimika siku ile Kanali alipomwita Bi Doolittle. Tofauti ya bibi na muuza maua, anasema, iko kwenye namna anavyotendewa. Mwigizaji wa Higgins wa mwaka 1914 pale London alianza kumrushia Eliza maua mwishoni, watu wapate harusi. Shaw alikasirika, na baadaye akaandika maelezo marefu kusema Eliza hakuolewa na Higgins, aliolewa na Freddy, kijana aliyempenda, wakafungua duka la maua. Mimi simwungi mkono. Akishamaliza ushahidi, mwandishi naye ashuke kizimbani.

Ninayempenda zaidi mle lakini ni baba yake Eliza, mzoa taka. Anakuja kumuuza binti yake kwa pauni tano. Wanampa kumi, anakataa. Kumi, anasema, zitamfanya mtu aanze kufikiri na kuweka akiba, na raha yote iishe. Nimewasikia washtakiwa wa namna hiyo. Unajizuia kucheka mpaka mahakama iahirishwe.

Mkuu wa shule ameniomba nipendekeze mchezo wa siku ya wazazi mwaka huu. Napendekeza An Inspector Calls wa J. B. Priestley. Uliandikwa vita vikikaribia kwisha, ukachezwa kwanza Urusi mwaka 1945, London ukafika 1946. Kisa ni cha 1912. Familia ya mwenye kiwanda inasherehekea uchumba, anabisha hodi mtu anayejiita inspekta: binti mmoja amekunywa dawa kali ya kuua vijidudu, amekufa. Baba anasema simjui. Kumbe alimfukuza kazi kwa sababu aliomba shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na nusu. Kisha anafuata dada, anafuata mchumba, mama, kaka. Kila mmoja amemgusa yule binti mahali fulani, na yeye mwenyewe hatokei jukwaani hata mara moja. Mtamjua kwa vinywa vya waliomwumiza tu.

Na tazameni ile picha. Inspekta anamwonyesha mtu mmoja mmoja, hamruhusu mwingine aione. Mimi kielelezo cha namna hiyo ningekikataa palepale. Je, ilikuwa picha moja, na binti mmoja? Wakubwa wa nyumba wanalishika hilo kama kamba ya kujiokolea, na kisheria hoja yao ni nzuri. Vijana wawili wanasema haidhuru, tuliyoyafanya tumeyafanya. Hapo ndipo nataka watazamaji wa bwalo hili wabishane, wapishi wakiwemo, na dirisha liachwe wazi.

Gharama yake ni ndogo. Waigizaji saba, chumba kimoja, meza, glasi na kengele ya mlangoni. Shuka za bweni hazihitajiki, matroni apumue. Mwisho kabisa inahitajika simu ya mezani inayolia kweli, si ya kuchomekwa mlio kwenye spika. Nyumbani ninayo moja, nyeusi, ya kuzungusha kwa kidole. Si ya 1912, lakini nani atakayetushtaki? Mwalimu wa fasihi anipigie wiki ijayo, nimletee pamoja na waya wake.